Mama Lala-Kwanza, Fundi wa Magodoro

Mara ya kwanza kumwona mama mkwe wangu, alikuwa anampiga mtu. Simaanishi alikuwa anamfokea. Alikuwa anampiga, kwa fimbo ndefu ya kuchambulia pamba, mgongoni na makalioni, na mtu mwenyewe alikuwa mwanaume mzima mwenye kitambi na simu mbili mkononi. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu zuri kuliko yote, nimebeba kikapu cha matunda, nimeletwa kutambulishwa kama mchumba wa mwanawe. Nikabaki nimesimama mlangoni mwa karakana, mdomo wazi.

"Mwizi mkubwa wewe!" Fimbo, paa! "Unaniletea takataka halafu unaniita mama?" Paa!

Yule bwana alikuwa muuza sponji. Alikuwa amemletea bunda la sponji ambazo juu na chini ni nyeupe, safi, zinavutia macho, lakini katikati amegundisha mabaki ya kila rangi. Mama mkwe alikuwa ameshatengeneza godoro kwa sponji hiyo na kumuuzia bibi mmoja mwenye maumivu ya kiuno, na bibi wa watu alirudi amejipinda, hawezi hata kuketi. Mama akachukua kisu kirefu cha kukatia sponji, akapasua bunda lote mbele ya muuzaji, akaona mwenyewe. Akakiweka kisu chini taratibu, akachukua fimbo. Siku nyingine aliniambia kwamba kukiweka chini kile kisu ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile.

Mchumba wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Huyo ndiye mama," akaniambia. "Sisi kwetu mambo tunayamaliza hivyo." Nami nikacheka, kwa sababu muuza sponji alistahili kila fimbo aliyopata.

Mtaani walimwita Mama Lala-Kwanza. Hakuna aliyenunua godoro kwake akiwa amesimama. Uwe nani, uwe na haraka kiasi gani, ukiingia ukasema unataka la inchi nane, anakukata kauli: "Lala kwanza." Nyuma ya pazia kulikuwa na jukwaa la mbao, chini chini hivi, na juu yake alikuwa akitandika sponji za aina mbalimbali, moja baada ya nyingine. Unavua viatu, unalala kama unavyolala kwako, unafumba macho. Kama mmeoana, mnalala wote wawili, kila mtu upande wake. Watu waliona aibu, wakachekacheka, wengine wakakasirika. Aliyekataa alionyeshwa mlango.

Halafu alikuwa anasubiri. Hapo ndipo wateja wengi walipomwona kichaa, kwa sababu alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, kimya, anakutazama tu. "Mtu akilala mara moja anaigiza," alinieleza. "Anajinyoosha vizuri, kama anapigwa picha. Mwache kidogo. Mwili ukichoka kuigiza unarudi unakolala kila siku." Akiona umerudi, anainuka, anapitisha kiganja chini ya kiuno chako. Kiganja kikipita bila kuguswa, godoro ni gumu mno, kiuno kinaning'inia hewani. Kikikwama kabisa, ni laini mno, makalio yamezama. Kinatakiwa kipite kwa kubembeleza. Anayelala kifudifudi alimpa gumu, la sivyo tumbo linazama na mgongo unapinda usiku kucha. Anayelala kwa ubavu alimwekea tabaka laini juu, bega na nyonga vipate pa kuingia, na chini sponji ngumu ya kumbeba. Mtu mnene alimpa sponji nzito, na akimsikia anaulizia unene wa godoro anampandishia sauti: "Unene, unene! Unene ni hewa! Mwezi wa tatu umeshalala kwenye chaga!"

Na ugomvi uliotokea nyuma ya pazia lile, jamani, ningekuwa na kipaji cha kuchora ningechora. Alikuja dereva wa lori, jitu hasa, na mkewe mwembamba. Walipolala tu, mke akabingiria kwenye shimo la mumewe. "Umeona?" mke akapiga kelele. "Kila siku nalala chini yake huyu, napumua kwa zamu!" Mume akajibu neno ambalo siwezi kulirudia, mke akamtwanga na kiatu, pua ikatoka damu juu ya sponji mpya. Mama mkwe aliwatenganisha kwa kumvuta kila mmoja sikio. Kisha akawakatia sponji mbili tofauti, nzito upande wa mume, laini upande wa mke, akaziunganisha ndani ya kitambaa kimoja. Walirudi baadaye kumshukuru. "Watu wanaachana kwa sababu ya magodoro," aliniambia, "halafu wanasingizia tabia."

Mimi nilianza kumsaidia kushona mara tu baada ya harusi. Alinifundisha kushika ile sindano kubwa ya magodoro, kuvuta uzi hadi vidole vitoe damu, kupiga pamba kwa fimbo hadi iamke. Alikuwa mkali kama nini! Nikikosea mshono mmoja anaufumua wote. Lakini nilimpenda, na yeye alinipenda, ingawa hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Kitu kimoja tu hakikuniingia akilini. Yeye mwenyewe alilala kwenye godoro bovu la pamba, la tangu alipoolewa, limejaa mabonge. Mumewe alikuwa ameshakufa kabla sijaijua nyumba ile. Nikimwambia, "Mama, tukushonee jipya," ananijia juu: "Nimekuomba? Mimi nimeshalizoea langu." Basi, mada imekwisha.

Sasa nimzungumzie mwanawe. Mtaani walimwita Chuma, kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na kwa sababu ya mikono yake. Mcheshi, mtanashati, akiingia mahali watu wanasogea apate kiti. Kofi la kwanza alinipiga kwa sababu ya godoro. Tulikuwa tumeanza maisha na godoro la bei rahisi la kununua barabarani, yeye hakutaka kwenda kulalishwa na mama yake kama mteja. Akaamka na mgongo umekaza, akaniuliza kwa nini nimetandika upande mbovu kwake. Nikamwambia godoro lote ni bovu, hakuna upande. Kofi. Masikio yakalia nzii, nikaona sakafu imenisogelea usoni.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimrushia mfuniko wa sufuria ukampata kwenye nyusi, na hapo nikajua kosa langu, maana kumbe lile kofi lilikuwa salamu tu. Siku ile alinipiga kwa mkanda hadi akachoka yeye. Na tangu siku ile akajifunza. Usoni hakugusa tena. Alinipiga mbavuni, mapajani, mgongoni, mahali nguo inapofunika, kwa utulivu kabisa, kama mtu aliye kazini. Akimaliza ananawa mikono na kuuliza chakula. Nilimchukia! Nilikuwa napika nikiangalia mafuta yanavyochemka na kuwaza mambo ambayo sitaki mtu ayajue.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mama yake, na kila siku niko naye karakanani. Ningemwambiaje? Mtoto wake wa pekee. Kila akimtaja sauti yake inalainika, mwanangu amefanya hivi, mwanangu ameninunulia vile. Nilishaona mama wa watu wengine wakichagua kati ya mwana na mke wa mwana, na sijawahi kuona mke akichaguliwa. Nikisema, nitafukuzwa na yeye pia, na yule ndiye mtu pekee aliyebaki upande wangu. Kwa hiyo nikivuta uzi nikashtuka kwa maumivu, nasema sindano imenichoma.

Kisha nikapata mimba. Mama mkwe alipojua, alicheza katikati ya karakana na kipande cha sponji kichwani. Fundi baiskeli wa jirani akaja kuuliza kulikoni, naye akachezeshwa. "Mjukuu wangu hatalala tumboni mwa mtu anayelala kwenye takataka," akatangaza. "Nitawashonea godoro mimi mwenyewe, zawadi." Akanieleza kwamba tumbo likikua nitatakiwa kulala kwa ubavu, hasa wa kushoto, damu imfikie mtoto vizuri. Kwa hiyo godoro liwe laini begani na nyongani, liwe imara katikati. "Mwambie mumeo aje. Mlale kwanza, wote wawili. Mwanangu au si mwanangu, sheria ni ile ile."

Nilipomwambia, Chuma hakukasirika mara moja. Aliendelea kula. Akasema yeye anataka gumu, mgongo wake haupendi ulaini. Nikamwambia mama amesema laini juu, kwa ajili ya mtoto.

"Godoro ni la nani?" akauliza.

"La wote."

"Nimekuuliza, godoro ni la nani?"

Nilijua jibu alilotaka. Nikaweka mikono tumboni na sikulitoa. Akaniangusha kutoka kwenye kiti, na nilipokuwa chini nimejikunja kumlinda mtoto, alinipiga teke la ubavu wa kushoto, kwa kiatu cha kazini, kile chenye chuma mbele. Nilisikia kitu kimelia ndani yangu. Pumzi ikakatika. Yeye akainama, akaniambia karibu kabisa na sikio: "Kesho tunaenda kwa mama. Ukifungua mdomo wako, hicho kilichomo tumboni hakitatoka kizima." Nilimwamini. Usiku kucha nilihesabu pumzi zangu, na nilichoomba ni kimoja tu: mtoto abaki.

Asubuhi tukaenda. Alinishika mkono njia nzima, watu wakamsalimia, "Baba mtarajiwa!" naye akacheka nao. Mama mkwe alikuwa ameshatandika jukwaa, sponji nyeupe mpya, mkono wake umeshaipapasa kila pembe. "Vueni viatu," akasema. "Mlale kama mnavyolala kwenu."

Chuma akajitupa katikati. Ndiyo, katikati, mikono huku na huku, miguu huku na huku, akafumba macho na kutabasamu. Mimi nikapanda kwenye kile kilichobaki pembeni, upande wa ukutani. Nikajinyoosha vizuri, kama anayepigwa picha. Sikufungua mdomo. Mama akakaa kwenye kigoda chake, akasubiri.

Sikujua nilivyokuwa nalala kila siku. Nani anajua? Niliutuliza uso, nikayafunga macho, nikasema moyoni kwamba itapita. Usiku ule sikuwa nimelala kabisa, na sponji ile ilikuwa tamu, Mungu wangu, mwili ukaanza kuteleza. Ukateleza ukarudi unakolala. Mgongo ukaenda ukutani. Magoti yakapanda tumboni. Mkono wa juu ukainuka wenyewe, kiwiko kikaziba sikio na nusu ya uso. Nilikuja kuligundua hilo niliposikia kimya, na kile kimya hakikuwa cha kawaida.

"Mwanangu," mama mkwe akaita, na alikuwa ananiita mimi. "Geuka ulalie kushoto."

Nikajaribu. Sikuweza. Akaja, akainama, akapitisha kiganja chake chini ya mbavu zangu kama alivyokuwa akiwafanyia wateja wote. Nikapiga ukelele ambao hadi leo nauonea aibu, ulisikika hadi kwa fundi baiskeli.

Chuma akakurupuka. "Alianguka bafuni, mama. Nilimwambia asiogee na ndara."

"Sijakuuliza wewe."

Hakuniuliza chochote kuhusu bafu. Aliutazama mkono wangu, bado uko sikioni, nimesahau kuushusha. "Hivi ndivyo unavyolala kila siku?" akauliza, taratibu sana.

Sikuwa nimeahidi kutojibu swali la godoro. "Ndiyo, mama," nikasema.

Akaenda kwenye kona, akachukua fimbo ya pamba. Nasema ukweli, sikujua inakuja kwa nani. Nilijikunja zaidi. Paa! ikalia, na aliyepiga kelele sikuwa mimi. Alimpiga mwanawe kichwani, mabegani, kwenye mikono aliyojikingia, na hakuwa anatukana kama siku ile ya muuza sponji. Alikuwa anapiga kimya kimya, meno yamekazwa, machozi yanamtoka. Chuma alizipokea kadhaa. Kisha akaidaka fimbo hewani, akaivunja kwa goti lake, akamsukuma mama yake kwa mikono miwili. Mama akaruka na kuangukia bunda la pamba, kisogo kikagonga mguu wa cherehani.

"Ndiyo maana baba alikuwa anakunyoosha!" Chuma akanguruma juu yake. "Alijua kukunyoosha! Na mimi nilikuwa namsikia kila usiku, na wala hukuwa na mdomo huo!"

Akainua ngumi. Mimi sijui niliinukaje na ubavu ule. Najua tu kwamba kisu cha kukatia sponji kilikuwa mkononi mwangu, na nilimchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na damu yake ikatapakaa kwenye zile sponji nyeupe za zawadi. Akageuka kunitazama, hakuamini. Nami nilitaka kuendelea. Nisidanganye, nilitaka shingo yake. Nilikuwa nimeshapiga hatua.

"Weka chini!" Mama mkwe alikuwa bado yuko sakafuni, pamba zimemjaa kwenye nywele. "Weka chini kisu, mwanangu! Utazalia jela!"

Nikakiweka chini. Alikuwa amesema kweli, hakuna kazi ngumu kama ile.

Fundi baiskeli na wenzake wakaingia, wakamtoa Chuma mzobemzobe. Tukajifungia. Mama akanifunga mbavu kwa kitambaa cha godoro, akakivuta barabara kama anavyovuta uzi, akaweka sikio tumboni kwangu, akasikiliza muda mrefu. "Yupo," akasema, ingawa sidhani kama sikio linaweza kusikia hivyo. Nilitamani kumuuliza juu ya yale maneno, baba alivyokuwa anamnyoosha. Uso wake ulinikataza.

Mchana Chuma akarudi na nyundo ya kazini kwake. Mama alinisukuma ndani ya stoo ya nyuma, akafunga kufuli kwa nje, ufunguo akautia kifuani. Kwa hiyo mengine niliyasikia tu, na machache niliyaona kupitia ufa wa mlango. Nilisikia mlango wa mbele ukipasuka. Nilisikia cherehani likianguka, na magodoro yakichanwa moja baada ya jingine, kraa, kraa, kila mchano na tusi lake. Kisha miguu ikaja mbele ya stoo, na kati ya miguu ile na mimi ilikuwepo miguu ya mama mkwe, peku.

"Toka hapo, mama. Nataka mke wangu."

"Sitoki."

"Mama, nitakuumiza."

"Umeshaniumiza. Piga, umalize."

Akapiga. Nilimwona mama akiinua mkono kujikinga, nikasikia mfupa. Hakuondoka mlangoni. Akateleza kidogo, akasimama tena, mkono unaning'inia, akamtazama mwanawe. Na Chuma akainua nyundo mara ya pili. Jamani, mama aliyekubeba! Nilikuwa napiga ule mlango kwa ndani hadi kucha zikang'oka.

Mtaa ndio uliomkamata, nyundo haijashuka. Walikuja wengi, dereva wa lori alikuwepo, na mkewe pia na kiatu chake. Wakamwangusha Chuma katikati ya pamba wakaanza kumpiga kwa vyuma vya baiskeli, mateke, kila mtu na chake, na wengine wanasema aletewe petroli. Na sikiliza alichofanya yule mwanamke. Alijitupa juu ya mwanawe, mkono umevunjika, akamfunika kwa mwili wake. "Msimuue! Mwanangu huyo! Msimuue, nawaomba!" Wakaacha. Nami huko kwenye ufa moyo ukanifa, nikasema basi, nimeshapoteza. Ameshachagua.

Kituoni tulikaa kwenye benchi, yeye na mkono wake uliofungwa kwenye kipande cha mbao, mimi na mbavu zangu. Askari alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu mezani. "Mama," akasema, "mwenyewe umeomba asiuawe. Kijana wako wa pekee. Haya ni mambo ya nyumbani, si mkayamalize nyumbani?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nawaza nitaenda wapi na hili tumbo.

"Nyumbani ndiko tulikokuwa tunayamalizia," mama mkwe akasema. "Baba yake alikuwa anayamaliza kila usiku, huyu akiwa chumba cha pili anasikiliza, na asubuhi nampa chai na kumwambia mama alianguka. Mimi ndiye niliyemwambia watu wanaanguka." Akaisukuma kalamu kuelekea kwa askari. "Nimeomba asiuawe. Sijaomba aachiwe. Andika."

"Unajua atafungwa?"

"Andika, baba, kabla sijabadilisha mawazo!"

Askari akaandika. Tulipotoka nje alilia njia nzima, kwa sauti, watu wakageuka kututazama. Nilipojaribu kumshika akanipigia kelele nisimguse, na hatua chache mbele akanishika yeye, akaning'ang'ania bega hadi tukafika.

Chuma alifungwa. Mimi nikahamia kwa mama mkwe, na mtoto akabaki tumboni, mkaidi kama bibi yake. Mkono wa mama uliwekwa plasta, hakuweza kushika sindano, kwa hiyo kazi zote zikaniangukia mimi huku yeye akinisimamia kwenye kigoda. Godoro langu nililishona hivyo, kwa matusi yake. Vuta uzi! Unashona godoro au unashona shuka? Tabaka laini juu, imara chini, na alinilaza mara nyingi sana kabla hajaridhika. Kiganja kikapita kwa kubembeleza. Usiku wa kwanza nililala kwa ubavu wa kushoto hadi jua likanichoma usoni.

Kilichobaki kilikuwa marundo ya sponji na pamba zilizochanwa siku ile. Nikazichambua, nikaosha zilizofaa, nikatandika jukwaa upya. Nikamwita.

"Mama, njoo ulale."

"Nilale nini? Nina godoro langu."

"Lile nimelitupa. Fundi baiskeli amelichoma moto asubuhi."

Lo! Alinitukana, akatukana na fundi baiskeli na ukoo wake wote. Nikamwacha amalize. Nikamwambia sheria ni ile ile, mama yangu au si mama yangu, lala kwanza. Akanitazama kwa hasira, akavua ndara, akapanda. Akajinyoosha vizuri, uso juu, mkono wa plasta kifuani. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikasubiri.

Ilichukua muda. Yule mwanamke alikuwa ameona watu wengi mno wakiigiza, alijua kuigiza. Lakini alikuwa amechoka. Pumzi ikashuka, na mwili wake ukaanza kuteleza. Ukasogea, ukasogea, hadi mgongo ukagusa ukuta. Magoti yakapanda. Mkono mzima ukainuka wenyewe, kiwiko kikaziba sikio. Jukwaa lote likabaki wazi mbele yake, na yeye yuko pale kwenye ukingo, amejikunja. Mumewe alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, na mwili wa mama ulikuwa bado unamwachia nafasi.

Nikainuka na kupitisha kiganja. Chozi langu likadondoka kwenye sponji, akalisikia.

"Usilie juu ya sponji, inashika harufu," akasema kutoka chini ya kile kiwiko. "Na usikate pana. Mimi natumia nafasi ndogo."

Nikachukua kisu, nikakata godoro la watu wawili, na yeye akaanza kunifokea kwamba naharibu mali.